Kichwa cha Arobaini

Siku ya pili ya muhula mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa kazi ambayo mwalimu mwingine angeipokea kwa mikono miwili. Wazazi wa darasa la saba walikuwa wamelalamika mkutanoni kwamba watoto wa Kitengela hawajui chochote isipokuwa vumbi la malori na mawe ya ujenzi. Hata wilaya yao wenyewe ya Kajiado hawajaiona. Kwa hivyo wangetembezwa mara mbili, kila safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ya kwanza ingekuwa ya Magadi, kuona hekalu la Wahindi kwa ajili ya somo la dini, na njiani wasimame pale barabara inapoanza kuteremka na Bonde la Ufa kufunguka lote mbele ya macho. Ya pili ingekuwa kupanda vilima vya Ngong.

"Wewe ndiye makini hapa," alisema mwalimu mkuu. Alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. "Panga kila kitu, uniletee Ijumaa."

Nikasema sawa. Kisha nikaenda choo cha walimu, nikafunga mlango, nikasimama mle ndani mpaka kengele ya kipindi ilipolia.

Sababu hakuna aliyeijua pale shuleni. Katika miaka ya tisini, nikiwa ndio kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nilifundisha shule moja kwetu magharibi. Siku moja tuliwapeleka watoto kuona maporomoko ya mto. Wakati wa kuondoka mvua ilikuwa inanyesha, watoto wanasukumana kupanda lori, na mwalimu kiongozi akapaza sauti kutoka mbele: "Wako wote?" Nikamjibu, "Wako wote." Sikuwa nimehesabu. Niliwatazama tu, wakaonekana wengi wa kutosha. Mtoto mmoja wa darasa la tano alipatikana siku ya tatu, mbali sana chini ya mto, amenaswa kwenye mizizi. Mwalimu kiongozi ndiye aliyelaumiwa na kuhamishwa. Mimi hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Baadaye niliolewa, nikamfuata mume wangu Kitengela, tukapanga nyumba ya vyumba viwili, nikajiambia nimefika mbali.

Sasa nilikuwa nimekabidhiwa watoto arobaini na vilima.

Nilinunua daftari jipya nikaanza kupanga. Wengine wangeanza na basi na mkate. Mimi nilianza na kila kitu kinachoweza kuua mtoto. Niliandika jua la Magadi, niliandika nyoka, breki za basi kwenye ule mteremko, majambazi wa Ngong waliokuwa wakivua watu viatu, nyati wanaotoka msituni, ukungu, kingo. Mwalimu wa jiografia, Mmaasai aliyezaliwa karibu na Kajiado mjini, alilichukua daftari lile mezani mwangu akasoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ratiba ya ziara ama ni ya matanga?"

Alikuwa mtu mwema, mcheshi, na alipoona sikucheka alilirudisha daftari polepole. Jumamosi ile alikubali tutangulie wawili tukague vilima kabla ya watoto. Tulipanda na upepo unaotaka kukuvua nguo. Kule juu, upande mmoja unaiona Nairobi yote imelala kama vipande vya kioo, na upande wa pili ardhi inakatika. Haiteremki, inakatika. Unaona mbali chini tambarare ya kahawia na mlima wa Suswa, na katikati hakuna kitu. Nililala kwa tumbo kwenye nyasi nikashika mashina yake kwa mikono miwili.

"Watoto wetu wanachunga hapa kutoka asubuhi hadi jioni," alisema yeye, amesimama wima, mikono mfukoni. "Hakuna mtu anawahesabu."

"Na hakuna anayepotea?"

Alitazama kule chini. "Wanapotea," akasema.

Tuliporudi niliandika barua za wazazi. Zote zilirudi zimetiwa sahihi isipokuwa moja, ya msichana wa pekee darasani kutoka jamii za kaskazini mashariki. Familia yake ilikuwa imekuja kutoka Garissa, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe pale sokoni. Badala ya kutuma barua alikuja mwenyewe, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, akaketi kwenye kiti cha mtoto bila kujali jinsi magoti yake yalivyompanda kifuani.

"Mwalimu, hii hekalu, ataingia ndani?"

"Wenzake wataingia kuangalia tu, mzee. Yeye anaweza kubaki nje na mimi."

"Abaki nje." Alisugua barua kwa kidole gumba. "Na hii mlima. Mimi najua watu wanapeleka mbuzi mia, wanarudisha tisini na saba, wanasema hiyo ni mzuri. Wewe utarudisha msichana yangu?"

"Nitamrudisha."

Jibu lilitoka haraka mno, kama lile la mvuani. Aliniangalia kwa muda mrefu, nami nilishindwa kumwangalia. Ndipo akatoa kalamu mfukoni akatia sahihi.

Safari ya Magadi tuliondoka kabla ya mapambazuko ili tuukwepe msongamano wa Rongai, na bado tuliukuta. Nilikuwa nimenunua kamba ndefu ya mkonge na kuifunga mafundo arobaini, kila mtoto na fundo lake. Pale pa kutazamia bonde niliwashusha wameshika kamba hiyo kama wafungwa. Wavulana wakubwa waliona haya, na abiria wa gari lililokuwa limesimama pale wakacheka. Sikujali. Walitazama bonde dakika kumi, nikahesabu, tukapanda.

Magadi kulikuwa na joto la kufungua tanuri. Mvulana mmoja alianza kutoka damu puani kabla hatujafika mlango wa hekalu, nami nikamlaza na kitambaa chenye maji kichwani. Wenzake walivua viatu wakaingia na mwalimu wa jiografia. Mzee mtunza hekalu aliwaonyesha kengele, akawaeleza maua na taa ni za nini, na walipotoka alimpa kila mmoja kipande cha kitu kitamu cheupe kiganjani. Mimi nilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, mvulana mgonjwa upande huu na msichana wa Garissa upande ule.

"Mwalimu, unaogopa?" aliniuliza yule msichana ghafla.

"Naogopa hili jua."

"Baba alisema wewe unaogopa sana." Alikuwa akichora kwenye vumbi kwa kijiti. "Alisema ndio maana akakubali."

Nilikigeuza kitambaa cha mvulana upande wenye baridi. Wote tulirudi salama Kitengela, na usiku ule mume wangu alisema nilihesabu usingizini.

Majuma mawili baadaye tukaenda Ngong. Asubuhi ilikuwa safi, mbingu imeoshwa. Kwenye kituo cha msitu tulipewa askari wawili wenye bunduki kutusindikiza, na nilipoona bunduki nilipata nafuu, halafu nikawaza zimeletwa kwa nini, nafuu ikanitoka. Watoto walipanda wakiimba. Kule juu niliwakalisha mbali na upande ule unaokatika, tukagawa mkate na soda. Ng'ombe wa watu walikuwa wakilisha karibu nasi, kengele zao zikilia shingoni.

Nilikuwa nimeandika ukungu katika daftari. Ila nilidhani ukungu huja kama mvua, kwamba unauona kwanza. Huu ulipanda kutoka bondeni bila sauti. Nilikuwa nikimfungulia mtoto mmoja soda, na nilipoinua macho mlingoti wa simu uliokuwa mbele yetu haukuwepo. Kisha askari aliyekuwa pale karibu na mlingoti hakuwepo. Baridi ikaingia mifupani, na sauti za watoto zikawa kama zinatoka ndani ya chumba kingine.

"Kamba!" nilipiga kelele. "Kila mtu ashike kamba!"

Walikuja wakikimbia, wengine wakicheka, wakajipanga. Sikuweza kuona zaidi ya watoto watatu kwa mara moja. Kwa hiyo nilihesabu kwa mkono: nilitembea kando ya kamba nikigusa kila kichwa, moja, mbili, tatu, nikisema kwa sauti. Vichwa vilikuwa vimelowa umande. Nilifika arobaini. Nilirudi kutoka mwisho nikahesabu tena. Arobaini.

"Wako wote?" aliuliza mwalimu wa jiografia kutoka mbele, simwoni.

Kinywa changu kilifunguka kumjibu. Hata leo siwezi kueleza ni nini kilichonizuia. Labda yalikuwa maneno yenyewe, jinsi yalivyokuja vilevile. Niliinama nikamwangalia mtoto aliyekuwa mwisho wa kamba, yule niliyemhesabu arobaini. Alikuwa amevaa sweta letu la kijani. Alikuwa amenyolewa, na masikioni alikuwa na shanga. Nikashusha macho. Chini ya sweta kulikuwa na shuka nyekundu, na miguuni akala za tairi.

Alikuwa msichana mchungaji. Nilipomnyooshea mkono aliinamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyowainamia wakubwa ili wasalimiwe kwa kuguswa. Alidhani namsalimia. Nami nilikuwa nimemhesabu mara mbili.

"Mmoja hayupo," nilisema. Nikarudia, safari hii kwa ukelele, na watoto wote wakanyamaza.

Tuliita majina. Ilikuwa ni kazi ya dakika moja na ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Jina la msichana wa Garissa lilipoitwa, ukungu tu ndio ulijibu. Aliyekaa naye dawati moja akaanza kulia. Alisema mwenzake alikwenda kuswali adhuhuri, alitaka mahali pasipo na mavi ya ng'ombe wala wavulana; alidhani amesharudi, maana aliliona sweta lake.

Mwalimu wa jiografia alipiga goti mbele ya mchungaji akamsemesha kwa Kimaa. Mtoto alijibu kwa sauti ndogo, akanyoosha mkono.

"Anasema alimwonyesha mahali pazuri pa kukaa, kwenye mawe," mwalimu akanifasiria. "Yeye alikuwa anatetemeka, msichana wetu akampa sweta moja. Alikuwa amevaa mbili."

"Mawe gani?"

Alisimama akajipangusa goti. "Ya upande ule," akasema mwishowe.

Upande unaokatika.

Mmoja wetu alipaswa kubaki na watoto thelathini na tisa, na mmoja aende. Alijitolea kwenda yeye. Ndiye aliyejua kilima na lugha. Nilimwambia hapana. Sikuwa jasiri. Nilijua tu kwamba nikibaki pale nimeshika kamba nikisubiri mtu mwingine aniletee habari, akili itaniruka. Askari mmoja alitangulia, akiita. Mchungaji alinishika kidole kimoja, akanivuta.

Baada ya hatua ishirini sikumwona tena askari, nilimsikia tu, kisha nikaacha kumsikia. Upepo ulikuwa unatoka chini, unapanda usoni, na hapo nikajua ukingo uko karibu, kwa sababu upepo wa namna hiyo hauna ardhi mbele yake. Niliachia kidole cha mtoto nikashuka kwa magoti na mikono. Yeye alisimama akinitazama kwa mshangao, mtu mzima anatambaa kama mtoto mchanga. Mkono wangu wa kushoto ulishika nyasi, ukashika jiwe, halafu ukashika hewa. Nikaurudisha. Nililala pale nikisali kwa Kiluhya, maneno ya bibi yangu ambayo nilidhani nimeyasahau.

Kisha nikasikia kitu kikikata nyasi, karibu sana, na pumzi nzito, pumzi ya kitu kikubwa. Nilikuwa nimeandika nyati kwenye daftari. Sikupumua. Mchungaji akapiga ulimi, tck, tck, na kile kitu kikasogea, na shingoni mwake kengele ikalia. Alikuwa ng'ombe wake.

Niliita jina la msichana wangu. Upepo ulinirudishia jina kinywani.

"Mwalimu?"

Ilitoka kulia, chini kidogo.

"Mwalimu, usije hivyo, kuna shimo hapo mbele. Pitia kwa mawe."

Mchungaji alikuwa ameshapita mbele yangu. Nilimfuata nikitambaa, nikazunguka jiwe moja, na hapo alikuwepo, ameketi juu ya mwamba bapa, amevuta magoti kifuani, viatu vyake vimepangwa vizuri kando. Mikono yake ilikuwa na udongo mkavu; hakuwa na maji ya udhu, akatumia udongo. Kutoka alipoketi hadi mwisho wa mwamba kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kulala. Baada ya hapo ulikuwa weupe mtupu.

Nilimkamata kwa nguvu kiasi kwamba alilalamika.

"Kwa nini hukuita?"

"Niliita. Hamkusikia. Halafu nilikuwa sijui njia ni gani." Meno yake yaligongana. "Baba anasema mbuzi ikikaa mahali moja itapatikana. Ikianza kutembea italiwa. Nikakaa."

"Ulikaa peke yako hivyo? Hukuogopa?"

"Niliogopa," alisema, na ndipo akalia. "Lakini nilijua utahesabu."

Nilimvika koti langu. Tulirudi watatu tumeshikana, mchungaji mbele, na njiani tukakutana na askari. Tulipoifikia kamba watoto walipiga makofi, na mwalimu wa jiografia alinigeuzia mgongo, nikaona mabega yake yakipanda na kushuka. Tulimwachia mchungaji sweta lile na mkate wote uliobaki. Tuliteremka taratibu, askari mmoja mbele na mwingine nyuma, na kwenye basi niliwahesabu kwa majina, nikiangalia nyuso, mara nne, mpaka dereva akaomba radhi akasema giza linaingia.

Njiani mwalimu wa jiografia na dereva walinishauri nisiseme kitu. Mtoto ni mzima, walisema, usijitafutie maneno. Hata mwalimu mkuu, nilipompigia simu, alisema niache hadi mkutano wa wazazi. Lakini tuliposhuka Kitengela baba yake alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, akimsubiri. Nilimwomba tusogee kando, nikamweleza yote: ukungu, sweta, mchungaji, mwamba, na kwamba nilihesabu mara mbili na mara zote mbili nilikosea.

Alisikiliza bila kunikatiza. Msichana alikuwa kando yake, bado amevaa koti langu.

"Mbona unaniambia?" aliuliza. "Mtoto amerudi."

"Kwa sababu wewe ni baba yake."

Alimgeukia binti yake akamsemesha Kisomali kwa muda mrefu, si kwa ukali, lakini mtoto aliinamisha kichwa. Kisha akamvua koti, akalikunja kwa uangalifu, akanipa.

"Asante kwa kusema ukweli," aliniambia. "Lakini wewe usimpeleke mahali tena."

Iliniuma kama kofi, na ilikuwa haki. Hakumwondoa shuleni. Msichana alimaliza darasa la nane na akafanya mtihani vizuri. Tulipokutana sokoni mzee alinisalimia kila mara kwa heshima, akaniuliza habari za nyumbani. Kuhusu kilima hakutamka neno.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu aliniita tena kwa ajili ya ziara, safari hii mahali pa kuuona Kilimanjaro barabara ya Namanga. Nilimwambia siwezi. Alisubiri sababu, na nilipokosa kumpa alichukua kalamu akaandika jina la mwalimu wa jiografia.

Asubuhi ya safari nilisimama dirishani nikalitazama basi likitoka langoni, watoto wakipunga mikono. Nilidhani nikibaki nitakuwa na amani. Nikaingia darasa la nne, somo la hesabu, kuzidisha kwa saba. Mtoto mmoja alisimama akasoma jedwali lote kwa sauti, akaketi. Wenzake walinigeukia wakiningoja niseme kama amepata. Sikuwa nimesikia hata neno moja. Nilimwomba asome tena, naye akasoma tena, na mimi nikawa natazama barabara.